Nondo Ishirini na Saba

Kiwanja tulikipata katika mwaka wa tisa wa ndoa yetu, kule Al Amerat, upande wa pili wa vilima vya Maskati. Lami ilikuwa inaishia mita mia mbili kabla ya jiwe letu la mpaka. Baada ya hapo gari lilikwenda juu ya changarawe mpaka kwenye mwamba ambao mume wangu, siku ya kwanza, aliusifu kuwa ni mandhari. Mimi nilikuwa nafundisha hisabati katika skuli ya wasichana, na nilichokiona ni kwamba kiwanja kinashuka, pembe moja ipo chini ya nyingine kwa kimo cha mtu, na kifusi cha kujazia hapo hakiji bure.

Wakati huo tulikuwa tumepanga Wattaya, karibu na maduka ya magari. Tulikuwa watu watano: sisi wawili, watoto wetu wawili, na mama mkwe wangu. Yeye alizaliwa Unguja akaja Maskati mtu mzima. Watu wangu mimi walitokea Tabora. Kiswahili chetu kilikuwa cha namna mbili, Kiarabu kikipita katikati, na mama mkwe alipotaka kunichokoza alisema mimi nazungumza kama msoma habari wa redio.

Tulipomuuliza anataka nini katika nyumba mpya alijibu hapo hapo, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa kwa miaka.

"Mimi nnataka chumba cha chini, na choo chake humo humo, kisiwe na kizingiti. Mengine yenu."

Mengine yetu yalikuwa mengi. Mume wangu, ambaye ni mtu wa ofisi ya bima, alitaka majilisi kubwa ya kupokelea wageni, yenye mlango wake wa nje, na ghorofa kamili juu. Tulikwenda naye kwa mhandisi wa kuchora ramani, Mmisri mpole mwenye chai ya mnanaa mezani. Mhandisi aliandika kwenye kipande cha karatasi: mita za mraba mia tatu, mara rial mia na sitini kila mita. Akapiga mstari. Elfu arubaini na nane.

Tulikuwa na elfu hamsini na mbili, mkopo na akiba pamoja. Mume wangu akanitazama akitabasamu.

"Ukuta wa uzio umo?" nikamuuliza mhandisi.

"Hapana, huo ni nje ya nyumba."

"Shimo la maji machafu?"

"Nalo ni nje."

"Kuunganisha maji na umeme? Makabati ya jikoni? Viyoyozi? Mageti?"

Alitikisa kichwa kwa kila kimoja, bila aibu yoyote, kwa sababu hakuna aliyemdanganya mwenzake. Yeye aliulizwa bei ya nyumba na akataja bei ya nyumba. Tulipomaliza kuorodhesha vya nje, vilikuwa vimefika elfu tisa na mia tatu. Jumla ikawa elfu hamsini na saba na mia tatu, na bado hatujaweka hata baisa moja ya dharura.

Niliichukua ile ramani nyumbani na kukaa nayo juma zima. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Watu huanza kubana kwenye vitasa na vigae, lakini vitasa vyote vya nyumba havifiki bei ya chumba kimoja. Pesa inakaa kwenye mita za mraba. Nikakata mita sitini: vyumba viwili vya juu ya majilisi na ukumbi wa pili. Mita mia mbili na arubaini zikatoa elfu thelathini na nane na mia nne, na ukijumlisha vya nje, elfu arubaini na saba na mia saba. Zikabaki elfu nne na mia tatu za kukabiliana na yale tusiyoyajua.

Mume wangu alisoma hesabu mara mbili.

"Juu ya majilisi patakuwa patupu," alisema.

"Patakuwa na paa."

"Haya," akasema. "Na iwe hivyo."

Nilimsikia akikubali. Kwa miaka tisa nilikuwa namjua mtu huyu, na nilipaswa kujua kuwa akisema "haya" kwa sauti ile huwa hajakubali, amechoka tu kubishana. Lakini nilikuwa na jumla iliyokaa sawa mbele yangu, na sikutaka kuichunguza zaidi.

Mkandarasi tuliyempata alikubali kushusha bei yake kwa sharti kwamba nondo na saruji tununue wenyewe. Nilipenda mpango huo. Nilitaka kujua kila kitu kinachoingia katika kile kiwanja. Nilinunua daftari lenye jalada gumu, nikalichora safu: kilichoagizwa, kilichofika, kilichotumika, kilichobaki. Kila siku skuli ikitoka nilivuka vilima, nikavaa viatu vya kamba ndani ya gari, nikahesabu.

Mwamba ulikuwa wa kwanza kunifundisha. Mkataba ulisema kuchimba msingi katika udongo. Kwenye nusu ya kiwanja udongo ulikuwa wa kina cha mkono mmoja, na chini yake jiwe. Mkandarasi alileta mashine ya kupasulia, rial kumi na nane kwa saa, saa hamsini. Rial mia tisa zikaondoka kwenye fungu la dharura kabla hatujasimamisha hata nguzo moja. Nilirudi kwenye mkataba na kusoma lile neno "udongo" mara nyingi. Lilikuwepo tangu mwanzo, mimi nililiruka kwa kuwa halikuwa na tarakimu.

Msimamizi wa mafundi alikuwa mtu wa Bangladesh wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ametumia zaidi ya nusu ya umri wake Oman na Kiarabu chake kilikuwa kile cha kazini, maneno machache yanayofika. Aliniita mama. Nilipokuwa nahesabu alisimama pembeni akinisubiri, na nikikosea alisema tu, "Tena, mama," nami nikaanza upya. Wakati ule sikulitia maanani jambo hilo.

Wiki moja baada ya zege la msingi na nguzo za chini kumwagwa, niliandaa hesabu ya nondo nene, zile za milimita kumi na sita. Tulinunua mia mbili na arubaini. Kwa mujibu wa ramani, pamoja na vipande vya kupotea, zilipaswa kutumika mia mbili na kumi na tatu. Zilipaswa kubaki ishirini na saba. Nilizunguka kiwanja chote. Nilitazama nyuma ya kibanda cha mafundi na chini ya maturubali. Hapakuwa na hata moja.

Ilikuwa Jumamosi, na mume wangu alikuwepo, na mkandarasi naye alikuwa amekuja kudai malipo ya awamu. Mafundi walikuwa wanakula. Nilimwita msimamizi.

"Nondo ishirini na saba ziko wapi?"

"Chuma kimo ndani, mama."

"Ndani ya nini?"

Akaonyesha nguzo za majilisi kwa mkono wazi. "Ndani."

"Za ndani nimeshazihesabu. Ninauliza zilizobaki."

"Hakuna zilizobaki. Zote zimo ndani."

Nilimfungulia daftari, nikamsomea kwa sauti, safu baada ya safu, kama ninavyomsomea mwanafunzi swali alilokosa. Mafundi waliacha kula. Msimamizi alimtazama mume wangu, akangoja kidogo, kisha akatazama chini. Mimi nilichukua kule kutazama chini kuwa ndilo jibu.

"Basi zimetembea zenyewe," nikasema.

Mkandarasi hakutaka mgogoro na mteja anayelipa kwa wakati. Alisema mtu huyo ataondolewa kesho yake, na bei ya nondo, rial mia moja na ishirini na moja na nusu, itatolewa kwenye hati yetu ya malipo. Ikatolewa. Usiku huo sikuwaza kitu. Niliandika kiasi hicho kwenye safu ya pesa zilizookolewa na nikahisi kazi ya kuhesabu inalipa.

Akaja msimamizi mwingine, kijana mwepesi wa kuitikia. Kila nilichosema, alikubali.

Wiki tano zilipita. Siku moja nilikwenda kwa mhandisi kuchukua karatasi za baladia, maana manispaa haikuruhusu kuendelea bila ushahidi kuwa msingi umekaguliwa kabla ya kumwaga zege. Alinipa faili. Ndani yake mlikuwa na picha alizopiga mwenyewe siku ya ukaguzi: vichanja vya nondo vimesimama kwenye mitaro, vimefungwa waya, zege bado. Nilizipitia kwa mazoea tu. Nilipofika kwenye nguzo ya kwanza ya majilisi nikaanza kuhesabu bila kukusudia. Kwenye ramani yangu nguzo ile ilikuwa na nondo sita. Kwenye picha zilikuwa tisa.

"Hizi mbona tisa?" nikamuuliza.

Mhandisi alisogeza miwani. "Kwa ajili ya ghorofa ya juu. Ramani ya kwanza. Bwana alinipigia simu akaniambia mnaijenga baadaye, kwa hiyo nguzo ziwe tayari. Hukuambiwa?"

Nguzo za upande ule zilikuwa tisa, na kila moja iliongezwa nondo tatu. Sikuhitaji kalamu. Nilikaa pale mpaka chai yangu ikapoa, mhandisi akijifanya anatafuta kitu kwenye mtoto wa meza.

Nilimwambia mume wangu ndani ya gari, tukiwa tunapanda barabara ya mlimani kwenda kwenye kiwanja, mahali ambapo dereva hawezi kukutazama.

"Nimeziona nondo," nikasema. "Zimo kwenye nguzo. Msimamizi ulimpa ramani ya zamani."

Alikata kona mbili.

"Nilitaka kukuambia," akasema.

"Lini?"

"Siku ya zege. Halafu ikapita. Nikasema nondo chache zile, tutazifidia mahali."

"Na Jumamosi ile? Ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama."

"Alikutazama. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa ushapiga hesabu mbele ya watu wote. Ningesema nini? Kuwa mke wangu hajui kinachojengwa kwenye nyumba yake?"

Nilitaka kukasirika kwa ukamilifu, na kwa sehemu kubwa nilikasirika. Lakini yeye hakumwita yule mtu mwizi. Niliyemwita ni mimi, tena bila kulitamka neno lenyewe, kwa daftari.

Mama mkwe alilisikia jambo jioni ile ile, maana katika ghorofa ya Wattaya hapakuwa na ukuta wa kuzuia sauti. Alitoka chumbani na tasbihi yake mkononi akakaa baina yetu. Kwanza alimgeukia mwanawe.

"Umemwacha mtu wa watu anavunjiwa heshima, wewe unatazama?"

"Mama, mimi..."

"N'nakuuliza. Ulitazama, hukutazama?"

"Nilitazama."

Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa ya kunichokoza.

"Na wewe mwanangu, kabla hujasema ulimuuliza nani?"

"Nilimuuliza mwenyewe, mama."

"Akakwambia nini?"

"Akaniambia zimo ndani."

"Haya basi," akasema, akanyanyuka kwenda kusali.

Mkandarasi alituambia kuwa yule msimamizi amehamishiwa kwenye karakana yao ya matofali Rusayl. Nilikwenda siku ya pili, peke yangu, moja kwa moja kutoka skuli. Mume wangu alisema twende pamoja, nikamwambia aende siku yake. Alikwenda kweli, Alkhamisi ya wiki hiyo, na walichozungumza hajanieleza mpaka leo.

Karakana ilikuwa paa refu la mabati, mashine zikipiga kelele ndani na vumbi la saruji likiwa limekaa juu ya kila kitu. Yeye alikuwa getini, kwenye kiti cha plastiki, akiandika idadi ya matofali yanayopakiwa kwenye magari. Miwani ilikuwa ile ile. Aliponiona alisimama.

"Mama. Unataka matofali?"

"Sitaki matofali. Nimekuja kwa ajili ya kile chuma."

Alingoja.

"Kimo ndani," nikasema. "Nimekiona kwenye picha. Ulisema kweli na mimi sikukusikiliza. Nilikukosea mbele ya watu wako. Naomba unisamehe."

Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa Kiarabu tangu asubuhi, na yalipotoka yalikuwa mafupi kuliko nilivyoyapanga. Alitazama gari lililokuwa likipakiwa, akaweka alama kwenye karatasi yake, kisha akasema, "Imekwisha, mama." Sikuweza kujua kama ni msamaha au ni mwisho wa mazungumzo.

Nikampa bahasha. Aliifungua na kuhesabu noti palepale, bila haraka, akarudia. Akatoa rial moja na nusu akanirudishia.

"Walinikata mia na ishirini," akasema. "Mwisho wa mwezi. Hizi si zangu."

Nilimwambia nimeshazungumza na mkandarasi, na kwamba anaweza kurudi kwenye kazi yetu akitaka, mshahara ule ule. Alitikisa kichwa.

"Hapa kuna kivuli. Na hapa anayehesabu ni mimi."

Nilikuwa nimeshageuka kwenda zangu aliponiuliza kama tumefika darini.

"Tumemwaga juzi."

"Maji mnamwaga mara ngapi?"

"Mara moja, asubuhi."

Alitoa mlio kwa ulimi. Ilikuwa mwezi wa sita, na hata chini ya yale mabati mtu alikuwa anavuta pumzi ya moto.

"Kwa jua hili? Asubuhi, mchana, jioni, mama. Na magunia juu yake. Zege likikauka haraka linapasuka. Kwani gari la maji bei gani?"

"Rial nane."

Akarudi kwenye hesabu yake ya matofali. Nilipiga simu nikiwa bado kwenye maegesho, nikaagiza magari mawili, na kijana mwepesi wa kuitikia akaitikia. Lakini siku mbili za kwanza zilikuwa zimekwisha kupita, na kwa amri yangu mwenyewe, kwa kuwa safu ya maji niliiona inapanda. Nyufa zilitokea karibu na ngazi, nyembamba kama unywele. Mhandisi alisema si za hatari, ila lazima zizibwe na juu yake kupakwa dawa ya kuzuia maji. Rial mia mbili na sitini. Katika zile siku mbili nilikuwa nimeokoa magari mawili ya maji, rial kumi na sita.

Baada ya hapo tulibadili namna ya kuandika. Daftari likawa linakaa mezani wazi, na badiliko lolote lilipaswa kuandikwa humo na anayelitaka, kwa mkono wake, na bei ubavuni, kabla ya kumwambia fundi. Mume wangu aliona kama ni adhabu, na mwanzoni ilikuwa hivyo. Siku moja nilikuta ameandika: "Taa za ukutani nje, nne, rial 60." Siku ya pili nikakuta ameikata kwa mstari mmoja, mwenyewe, bila mimi kusema kitu. Na mimi niliandika langu: kulipanua dirisha la jikoni, rial 85. Hilo hakulikata mtu, wala mimi mwenyewe.

Nilianza pia kuuliza kabla ya kuhesabu. Nilimuuliza fundi bomba kwa nini anatumia viungo vingi vile, akanionyesha. Nilimuuliza fundi rangi kwa nini makopo yameisha mapema, akaniambia plasta ya upande wa jua inakunywa. Maelezo mengine yalikuwa ya uongo, na niliyajua, lakini mengi hayakuwa. Gharama haikushuka sana kwa kuuliza. Ilipanda taratibu zaidi tu.

Nyumba ilikwisha kwa miezi kumi na minne, badala ya kumi. Ilituchukua elfu hamsini na moja na kidogo. Kifusi kilizidi, kama nilivyoogopa siku ya kwanza. Viyoyozi vilipungua bei kwa kuwa tulinunua majira ya baridi. Mkandarasi aliniambia hajaona mwenye nyumba aliyebaki na pesa, na sikumwambia kuwa zilizobaki hazikutosha hata mapazia. Mapazia tulining'iniza yale ya Wattaya, mafupi kwa shibiri moja. Kila mgeni aliyaona, hakuna aliyesema.

Sikukuu ya kwanza katika nyumba ile tulialika watu wa pande zote mbili, wa Unguja na wa Tabora. Wanaume walikuwa majilisi na wanawake ukumbini. Wali ulipokwisha pakuliwa, wifi yangu mmoja, ambaye naye alikuwa amepata kiwanja, akaanza kuuliza nyumba imegharimu kiasi gani. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimsikia mume wangu akiwajibu wanaume swali lile lile: elfu arubaini na tano, akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata nafuu. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye zulia karibu yangu, akasema yeye anavyojua imepita elfu sitini, maana vitu siku hizi havishikiki.

Wifi akanigeukia mimi. Nikamtajia jumla kamili, mpaka baisa.

Alicheka, akanigusa goti.

"Hutaki kusema, basi," akasema. "Nipe huo mchuzi."

Nikampa.